Besi moja kwa usiku mzima: kisa cha gitaa tuliloliunda Malindi

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna mpiga besi hapa Malindi, yuko na bendi ya hoteli, na usiku wake wa kazi unakwenda namna hii: saa mbili wageni wako mezani bendi inapiga bango, muziki wetu wa pwani, polepole saksofoni ikiwa mbele, wakishamaliza kula zinaingia rumba, hapo katikati lazima reggae manake wageni wanaiomba kila usiku, alafu kikundi cha ngoma kinatoka na chakacha, na wikendi kama kuna harusi mjini anaitwa kwenye taarab, huko anakaa nyuma ya kinanda na fidla na wanataka asikike kama dabo besi ya kizamani, ile kubwa ya kusimama. Yote hayo kwa gitaa moja la besi, kwa sababu anakuja kwa bodaboda na gitaa liko mgongoni.

Besi aliyokuwa nayo ilikuwa ya pikapu moja (pikapu ni kile kidude cha sumaku na waya wa shaba kinachosikiliza nyuzi), sauti nene, reggae inakubali vizuri sana. Shida inaanza kwenye chakacha. Pale kuna vumi, ngoma ya sauti ya chini kabisa, na besi nzito ikikaa palepale zinamezana, msikilizaji hapati ngoma wala besi, anapata mngurumo tu. Kwenye rumba nako kila noti inatakiwa itoke na umbo lake, hasa gitaa za juu zikichangamka. Na taarab inataka noti ianze nene kisha ife haraka, isivute. Yaani mahitaji matatu yanayopingana, na hakuna nobu (kile kitufe cha kuzungusha) ya toni inayoyapatanisha.

Akanijia mimi kwa vile natengeneza ampli na spika za bendi nyingi hapa, akaniambia, "Kaka, nataka besi inayogeuka, nikitaka sauti hii iko, nikitaka ile iko," na akatoa karatasi ameichora mwenyewe, swichi saba na nobu sita. Niliiheshimu ile karatasi kwa sababu ilionyesha mtu ambaye amekaa akafikiri. Lakini kabla ya kushika solda nilimuuliza swali moja tu, ambalo naona ndo kiini cha kisa chote hiki: unabadilisha sauti lini? Katikati ya wimbo, kati ya wimbo na wimbo, ama nyumbani kabla hujatoka? Hakuwa amelifikiria, na ukweli ni kwamba besi nyingi za swichi nyingi nilizowahi kufungua, hata aliyeziunda hakulifikiria.

Watu walimshauri aachane na kuunda, anunue boksi la dijitali la kukanyaga kwa mguu, liko la kila aina siku hizi, na kampuni ya Line 6 walishawahi kuuza hata besi nzima ya kuigiza sauti za besi zingine, ile Variax. Sina ugomvi na maboksi hayo, yanafanya kazi nyingi nzuri. Ila kuna jambo moja haliwezekani: sauti ambayo pikapu haikuisikia kwenye uzi, boksi haliwezi kuirudisha, linaweza kuibuni tu. Na stima ya jukwaa lile inakatika, adapta zinalegea, chumvi inaingia kwenye kila tundu. Mpiga besi mwenyewe alisema anataka kitu ambacho kikizimika kila kitu bado ni gitaa.

Ukiangalia historia, besi zilizopata jina kila moja ilipata jina kwa sauti yake. Fender Precision ilitoka 1951, 1957 ikapewa ile pikapu iliyogawanyika vipande viwili, na hiyo ndo sauti nene ya rekodi nyingi sana za zamani. Fender Jazz Bass ikaja 1960 na pikapu mbili, ina mkwaruzo wa katikati unaopenya. Music Man StingRay 1976, koili mbili (koili ni waya wa pikapu uliozungushwa) pamoja karibu na daraja, kule chini nyuzi zinakokaa kwenye bodi, na priampu ya betri ndani, yaani kiampli kidogo cha kukuza sauti, inang'ata juu na inapiga chini. Na wazo la kubadilisha sio geni pia, Ampeg walitoa 1969 gitaa la plastiki angavu alilobuni Dan Armstrong, pikapu zake unachomoa moja unachomeka nyingine, na Gibson Grabber ya miaka ya 70 pikapu yake inateleza, unaisogeza kwenda shingoni au darajani. Hilo la Grabber nililipenda kuliko yote kwa sababu linaonyesha kitu ambacho watu wengi wanakipuuza, kwamba mahali pikapu ilipo ndo sauti yenyewe, kuliko hata aina ya sumaku.

Kwa hivyo tulianza na ubao. Ubao mtupu, tukafunga shingo ya besi iliyovunjika bodi, daraja, nyuzi nne, na pikapu moja juu ya reli ya kuteleza, tukaisogeza sentimita mbili mbili huku tunarekodi, mstari uleule, mpigaji yuleyule. Shingo ni ya inchi 34, yaani uzi una milimita 864 kutoka kichwani mpaka darajani. Pikapu ikiwa milimita 216 kutoka darajani hiyo ni robo kamili ya uzi, na uzi ukipigwa wazi harmoniki ya 4 (harmoniki ni zile sauti za juu zilizomo ndani ya kila noti) pale haitikisiki kabisa, ndo mahali pa kimya chake, kwa hivyo pikapu haiisikii, na ya 8 pia. Ukibonyeza freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo) uzi umefupika, palepale pamekuwa theluthi, sasa inayopotea ni ya 3 na ya 6. Ukifika freti ya 12 ni nusu, inapotea ya 2. Ndo maana pikapu iliyo karibu na shingo ni tamu kwa chini lakini tabia yake inabadilika ukipanda shingo, noti moja imejaa nyingine imepwaya.

Ukisogea mpaka milimita 150 kutoka darajani hali inatulia. Kwa uzi wazi hakuna harmoniki inayopotea kabisa, ya 6 tu ndo inadhoofika. Na milimita 75 ni karibu kabisa na daraja, harmoniki za juu zimejaa ila sauti ya msingi inashuka, ni nusu hivi ya ile ya 150, kwa hesabu ya mtikisiko wa uzi. Mpigaji alisikiliza rekodi zile bila kujua ipi ni ipi, tena na vumi ikipigwa pembeni, akakataa ya 216 kila ilipokutana na vumi hata ingawa ikiwa peke yake aliisifu. Hapo ndo nikajua tunatoboa wapi: 150 na 75, basi. Ile sehemu ya shingoni ambayo kwenye karatasi yake ilikuwa na pikapu ikafutwa, na swichi tatu zikaondoka nayo.

Jambo la pili lililotubana ni umeme wetu. Stima ya Kenya ni hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na koili moja ikikaa peke yake inaokota mngurumo huo. Kwenye gitaa la kawaida unaweza kukata chini ukapumua. Kwenye besi huwezi! E ya chini ni hezi 41.2, A ni 55, na G ya freti ya 3 ni hezi 49, yaani mngurumo wa stima umekaa ndani ya noti zenyewe, ukiukata umekata besi. Kwa hivyo niliweka sharti mapema kwamba kila sauti kwenye gitaa hili itoke kwenye koili mbili zinazofutiana mngurumo, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku zake zimegeuzwa, kanuni ileile aliyoitumia fundi Seth Lover pale kampuni ya Gibson mwaka 1955. Sauti za koili moja moja, hata kama ni nzuri nyumbani, zisiwepo.

Koili tulizungusha wenyewe, waya wa shaba wa milimita 0.063, mota ya cherehani, kazi ya subira hiyo, waya ukivutwa kidogo tu unakatika. Kila koili multimita inasoma kiloomu 7.5. Ukiziunga mfululizo unapata 15, ukiziunga sambamba unapata 3.75, na huo ndo ukaguzi wa haraka wa kujua solda yako iko sawa kabla ya kufunga. Tofauti ya sauti ni kubwa. Mfululizo induktansi (tabia ya koili kupinga mitikisiko ya haraka) inakuwa mara nne ya sambamba, na kwa kebo ileile kilele cha juu cha pikapu, pale inapolia kwa nguvu zaidi, kinashuka nusu: hesabu yangu na kebo ya mita tano ilitoa kama hezi 2,500 kwa mfululizo na 5,000 kwa sambamba. Ya kwanza nene na ya katikati, ya pili wazi na inapenya. Waya uleule, sumaku ileile.

Basi tukabaki na swichi moja ya kuzungusha yenye hatua 4, na hiyo ndo ya kubadilisha katikati ya wimbo. Hatua ya 1 pikapu ya mbele mfululizo, hiyo ni reggae na bango. Hatua ya 2 ya mbele sambamba, hii ndo ya chakacha, inaacha nafasi ya vumi na bado unaisikia. Ya 3 koili moja ya mbele na moja ya nyuma pamoja, rumba. Ya 4 pikapu ya nyuma koili zote mbili sambamba na priampu inaongeza chini, hiyo ni ya nyimbo za disko ambazo wageni wa Kitaliano wanazipenda. Nobu iko na meno, kidole kinahesabu gizani bila kuangalia. Kinyume cha fezi, yaani pikapu mbili zikipingana, ile sauti nyembamba ya puani, alikuwa ameiweka kwenye karatasi na nikaikataa, besi ikipoteza chini yake haina kazi kwenye bendi ya watu sita.

Sasa hapa kuna kitu ambacho nataka mafundi wenzangu wakisome vizuri. Sauti ya mfululizo ni kubwa karibu mara mbili ya sambamba, yaani desibeli 6 hivi. Ukimpa mpigaji swichi hiyo bila kusawazisha, kila akienda hatua ya 2 bendi nzima inamgeukia, besi imeenda wapi? Atarudi hatua ya 1 na atakaa hapo milele, na atakwambia sauti zingine ni mbaya, na zile sauti hazina kosa lolote, ni ndogo tu, na sikio la binadamu likisikia kubwa linasema nzuri. Kwa hivyo kila hatua ina kirekebisho chake kidogo kwenye priampu, tulisawazisha mpigaji akiwa ametugeuzia mgongo mpaka aliposema hajui nani mkubwa nani mdogo. Kwa maoni yangu kazi hii peke yake imeongeza sauti nyingi kuliko pikapu yoyote ya bei.

Priampu inatumia chipu ya TL062 kwa sababu inakula miliampea 0.4 tu, na betri ya alkali ya volti 9 ina kama miliampea-saa 500, piga hesabu, ni zaidi ya saa elfu moja. Jeki ni ya stereo, ukichomeka kebo ndo betri inaunganishwa, kwa hivyo usiiache kebo imechomekwa usiku kucha. Na pembeni kuna swichi ndogo ya kuruka priampu kabisa, betri ikifa katikati ya wimbo unaibonyeza na unaendelea, hatua zote nne zinalia, usawa wa ukubwa na lile ongezeko la chini la hatua ya 4 tu ndo vinaondoka.

Kubadilisha kwa kati ya wimbo na wimbo kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Taarab na reggae zinataka noti ife haraka, na hakuna mzunguko wa umeme unaoua noti kama sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, wapigaji wa zamani walifanya hivo na mpiga besi wa Marekani James Jamerson alikuwa na sponji chini ya kifuniko cha daraja lake. Sponji ya kawaida hapa inanyonya unyevu, inalainika. Tukatumia kandambili, zile ndara zinazookotwa ufuoni, huku pwani yetu ndara za kuokotwa zilishavalishwa jahazi zima, ile Flipflopi iliyoshushwa majini Lamu mwaka 2018. Ukanda wa milimita saba umekaa juu ya kijiti cha shaba chenye mkono mdogo, unausukuma kwa kiganja unagusa nyuzi, unaurudisha unaachia. Mpigaji anasema hicho ndo kitu anachokitumia kuliko vyote.

Cha kati ya siku na siku ni trei. Bodi imetobolewa mpaka nyuma pale milimita 150, na pikapu ya mbele imekaa kwenye trei ya mbao inayoingia kwa nyuma, skrubu mbili za shaba, plagi ya pini 6, nyuzi hazilegezwi. Trei ya kwanza ni ile ya koili mbili zilizolala pamoja. Ya pili ni ya vipande viwili kama ya Precision ya 1957, kipande kimoja nyuzi mbili nene, kingine nyuzi mbili nyembamba, hiyo anaiweka akienda kwenye taarab.

Na hapo ndo tulipokutana na fumbo gumu la kisa hiki, bado tuko kwenye karatasi. Hatua ya 3 inachukua koili moja ya mbele. Kwenye trei ya kwanza ni sawa, koili moja inasikia nyuzi zote nne. Kwenye trei ya pili koili moja ni nyuzi mbili tu! Mpigaji akienda hatua ya 3 angepoteza D na G, zile nyuzi mbili nyembamba, zimekufa. Ukisema basi uviunganishe vipande viwili kabisa ndani ya trei viwe kama koili moja, pini za koili ya pili zinabaki hazina kitu: ukiziacha wazi hatua ya mfululizo inakuwa bubu, ukizifunga kwa waya hatua ya sambamba ndo inakuwa bubu. Suluhisho likawa pini ya 6. Pini hiyo swichi inaitumia kwenye hatua ya 3 peke yake, kwenye trei ya kwanza haijaunganishwa na chochote, kwenye trei ya pili imeungwa na koili ya pili, kwa hivyo ikifika hatua ya 3 vipande vyote viwili vinaingia na nyuzi nne zinalia. Gitaa halihitaji kujua ni trei gani imo ndani, trei yenyewe inajua. Hata tukitengeneza ya tatu na ya nne, gitaa halifunguliwi tena.

Mbao ilitupeleka Lamu, kwa mzee mmoja fundi wa milango. Tulipanda basi kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti. Mpigaji alitaka mbambakofi tupu kwa sababu ni mbao ya milango ile na anaipenda, na ni mbao imara kweli, ila nzito, bodi peke yake ingekaribia kilo nne na nusu na mtu anasimama nayo masaa manne. Mzee aliangalia mchoro, akaweka kidole kwenye yale matundu mawili, akauliza, "Mwanangu, ukitoboa hapa na hapa, katikati patabaki nini cha kushika?" Swali la haki, nyuzi nne za besi zinavuta karibu kilo 75 hadi 80 kwa pamoja, na mvuto wote unapita juu ya matundu hayo. Yeye ndo aliyetoa jibu: kiini cha mbambakofi kipana kuliko matundu, kikimbie kutoka shingoni hadi darajani na mishipa ya mbao ikifuata urefu, mabawa ya pembeni yawe mwembe mkavu, mwepesi. Ubavuni mwa kila tundu kumebaki mbambakofi ya zaidi ya sentimita mbili kila upande. Tulipofunga nyuzi nilipima kimo cha nyuzi juu ya freti, nikapima tena wiki zilizofuata, bodi haijasogea.

Unyevu na chumvi nilivipa uzito kuanzia mwanzo. Koili zimechovywa kwenye mchanganyiko wa nta ya parafini, ile ya mishumaa, na nta ya nyuki, ya nyuki tulinunua kwa wafugaji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, zimeloa mpaka ndani na hakuna pa kuingia maji. Swichi ni ya kufungwa, pini za plagi zimepakwa dhahabu, bodi ya priampu imepigwa vanishi. Jeki ndo sehemu pekee iliyo wazi, na ndo ya kwanza kuleta mkwaruzo, kwa hivyo imewekwa kwenye bamba la skrubu mbili ili ibadilishwe bila kugusa kitu kingine.

Hotelini nilikaa nyuma kabisa, karibu na jikoni, mahali ambapo besi huwa inageuka mngurumo. Bango ilipita vizuri, reggae ilikuwa ileile aliyoizoea, na chakacha ilipoanza akaenda hatua ya 2, vumi ikasikika peke yake na besi peke yake kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi ule, hata mpiga vumi aligeuka akamwangalia. Rumba nilitaka iwe na katikati kidogo zaidi, nikaongeza kwenye kirekebisho kesho yake. Katikati ya usiku stima ilikatika, jenereta ikawaka, mngurumo ulibaki palepale, yaani haupo.

Kasoro iliyobaki naijua. Trei ya vipande viwili ikiwa ndani, hatua ya 3 ina koili moja ya nyuma ambayo haina wa kumfutia, kwa hivyo mngurumo kidogo unarudi. Kwenye taarab yeye hatumii hatua hiyo, na tumekubaliana ibaki hivo kuliko kuongeza swichi. Kingine ni nyuzi: zile laini zilizozungushiwa waya wa bapa zinafaa taarab na bango, za waya wa mviringo zinafaa rumba, na nyuzi huwezi kuzibadilisha kwa trei. Amechagua za bapa na anaifungua toni kwenye rumba, mimi naona ni uamuzi mzuri kwa mahali chumvi inakula nyuzi haraka, manake za bapa zina uso laini, unazifuta kwa kitambaa na zinadumu.

Sasa hivi anaomba trei ya tatu, ya pikapu ya sumaku dhaifu yenye sauti ya upole zaidi, kwa ajili ya kupiga na udi tu bila ngoma. Mzee wa Lamu ameshakata mbao yake, waya uko, na pini ya 6 kwenye trei hiyo itabaki haijaunganishwa.